Chupa ya Baba Mkwe

Kwetu kuna vyoo viwili. Kimoja kiko chini karibu na migomba, hicho ni chetu sisi wanawake na watoto. Kingine kiko juu, nyuma ya duol, ile nyumba ndogo ambayo mzee wa boma hukaa na wanaume wenzake. Hicho ni cha baba mkwe wangu peke yake. Njia pia ni mbili. Nimeolewa hapa ziwani, upande wa Homa Bay, miaka ishirini na kitu, na ile njia ya juu sijawahi kuikanyaga. Hata fagio langu huishia kwenye jiwe la kunolea panga. Mzee akielekea huko hukohoa mara mbili. Mimi nikiskia, nageuza uso, naangalia kuku, naangalia maji, mpaka mlango wa mabati ulie.

Hiyo sheria hakuna mtu aliniandikia. Mke wa mtoto hatumii choo kimoja na baba mkwe, haingii mahali analala, hatamki mbele yake neno la sehemu ya chini ya mwili. Ukivunja, watu wanasema chira itakuja: mtu anaanza kukonda, anakonda tu, na dawa haishiki. Mimi nimeokoka. Nilikuwa nasema mbele ya watu kwamba chira haina nguvu kwa mtu wa Mungu. Lakini miguu yangu ilikuwa bado haijaokoka. Miguu ilizunguka na njia ya chini kila siku.

Naanza na haya kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa nilichofanya. Siyasemi ili nionekane sina makosa.

Mimi ni mtu wa Migori, nilizaliwa Masara, upande wa Suna, kwenye mashimo ya dhahabu. Ndio maana hapa naitwa Nyar Suna, binti wa Suna, maana kila mke huku anaitwa kwa kwao. Shule niliacha darasa la saba nikaenda kuosha mchanga na mama. Nilirudi darasani nikiwa tayari na wasichana wangu wawili, masomo ya jioni, yale ya ngumbaru. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Huko ndiko nilikutana na neno bakteria. Mwalimu alituchorea ubaoni kitu kama punje ya mchele yenye mkia, akasema iko mikononi mwenu sasa hivi, na sisi watu wazima tukaanza kuangalia mikono kama wajinga. Alipenda mwandiko wangu. Alikuwa anainua daftari langu wengine waone. Cheti cha kidato cha nne kilipokuja nilikitundika sebuleni, juu ya kalenda ya kanisa.

Kwa hivyo watafiti walipokuja kutafuta mama wa kijiji anayeweza kusoma fomu na kuandika lebo vizuri, jina langu lilitoka haraka.

Mkubwa wao alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, mpole, tukimwita daktari ingawa alisema yeye si wa kudunga sindano. Alikuwa anasoma vijidudu. Si kimoja kimoja, alisema, bali vile vinavyokaa pamoja. "Ndani ya tumbo la kila mtu kuna kijiji. Kuna wenye wanalima, kuna wezi, kuna wageni wa kupita. Tunataka kujua kijiji cha watu wa ziwa kinafanana aje na cha watu wa Masara, na hao wadudu wanatoka wapi. Maji? Udongo? Kuku?"

Basi tulikuwa tunapita boma kwa boma. Tunapangusa komeo la mlango na pamba ya kijiti. Tunapangusa sakafu iliyosilibwa na mavi ya ng'ombe. Tunachota maji ya mtungi. Mama ananawa mikono ndani ya mfuko wa plastiki na yale maji tunayafunga. Mwisho tunaacha chupa ndogo, kifuniko chake kina kijiko ndani, na kesho asubuhi tunarudi kuchukua choo cha kila mtu na kukiweka kwenye sanduku la barafu.

Mke wa shemeji yangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, alinicheka wiki nzima.

"Mwalimu wa mavi! Ulisoma jioni zote hizo ndio ukuje kubeba choo mchana?"

"Lete yako, barafu inaisha."

"Ungoje nikunywe chai kwanza. Nitakupea ya moto."

Nilicheka naye. Mavi ya watu wengine hayakunisumbua. Nilivaa glavu, niliandika nambari, nilisema asante mama, nikaenda. Nilijiona mtu wa maana sana.

Halafu kura yao ya kuchagua boma ikaangukia letu.

Daktari mwenyewe alienda duol akamsomea Mzee makubaliano, na Mzee akaweka sahihi. Lakini yale maswali ya afya aliniachia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeyazoea. Swali moja lilisema: je, umewahi kuona damu kwenye choo? Nitamuuliza aje baba mkwe hiyo kitu? Nilikaa jikoni na fomu yake juu ya goti, nikaweka alama kwenye hapana. Nilijiambia ni mzee mwenye nguvu, angekuwa na shida tungejua.

Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki. Mume wangu alikuwa Isebania, huko mpakani, anapakia malori, na hurudi mwisho wa mwezi. Nilimpigia.

"Nimemwambia," akasema. "Amesema sawa."

"Sawa tu?"

"Ulitaka aimbe?"

Jioni niliweka chupa ndani ya mfuko wa kaki, nikaiacha juu ya lile jiwe la kunolea panga. Asubuhi, kama saa moja, mfuko ulikuwa pale pale. Ulikuwa umezungushwa uzi wa nyavu na kufungwa fundo la kivuvi, lile ambalo ukivuta linakaza zaidi. Niliuchukua. Nilikuwa sijavaa glavu, maana zilikuwa ndani. Mfuko ulikuwa bado na joto.

Hilo joto ndilo lilinishinda. Choo cha boma zingine kilikuwa kitu cha utafiti. Hiki kilikuwa Baba. Nilisimama katikati ya uwanja, mkono nimeunyoosha mbali na mwili kama nimeshika panya kwa mkia, na mke wa shemeji akaacha kufagia.

"Nyar Suna. Hiyo si ni ya Mzee?"

Nilipiga hatua moja kuelekea migomba.

"Sasa wewe ndio utabeba Mzee?"

Safari hii hakuwa anacheka. Alisema polepole, kama mtu anayekuonyesha nyoka karibu na mguu wako. Nilishuka na njia ya migomba, nikaingia choo chetu, nikafunga mlango, na nikauachilia ule mfuko kwenye shimo bila kuufungua. Niliskia ukifika chini.

Nilikuwa na chupa za ziada. Nilijaza moja kwa nambari yangu na moja kwa nambari yake, zote kutoka kwangu. Nikaandika lebo ya nambari ya Mzee kwa ule mwandiko ambao mwalimu alikuwa anauinua wengine waone. Pikipiki ikaja, sanduku likaenda. Nilisema, Bwana nisamehe, upesi upesi kama mtu anayesukuma mlango na mguu kwa sababu mikono imeshika vitu, na nikaenda kuweka chai.

Majibu ya kwanza yalikuja baada ya wiki chache, yale ya hadubini ya kutafuta minyoo. Watoto walikuwa nayo, mke wa shemeji pia, wakapewa tembe. Yangu ilikuwa safi. Ya Mzee nayo, bila shaka, ilikuwa safi. Nilisimama karibu na jiwe nikasoma kwa sauti ili askie. Alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anashona nyavu, ananipa ubavu wa uso kama kawaida yetu.

"Mayai ya minyoo, hakuna. Mayai ya kichocho, hakuna. Baba hana kitu."

Mkono wake ulisimama. Halafu akasema, "Ero kamano, Nyar Suna." Asante. Na sindano ikaendelea.

Nilienda zangu nikiwa nimefurahi. Naomba niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi kwamba imeisha.

Haikuwa imeisha. Miezi ilienda, na Mzee akaanza kupungua. Kwanza niliona mshipi: alitoboa tundu jipya kwa msumari, halafu lingine. Mikono ikawa vijiti lakini tumbo likaja mbele. Uji niliowapa wasichana wampelekee ulirudi nusu bakuli. Kikohozi chake cha njiani kikawa kinaskika mara nyingi kwa siku, mara nyingi mno, na kila mara niligeuza uso kuangalia kuku na nikajua kwamba najua. Kisimani watu walianza lile neno. Chira. Kuna mtu amekanyaga kitu kwa hiyo boma. Mume wangu alitaka kumpeleka hospitali kubwa, na Mzee akamjibu, "Karatasi ilisema sina kitu. Mimi ni uzee tu." Mume wangu alinigeukia. "Si wewe ndio ulisoma?" Nikasema ndiyo, ni mimi.

Daktari alirudi na tarakilishi yake. Majibu ya pili yalikuwa yametoka, yale ya vijiji vya tumboni. Alinionyesha picha: kila mtu ni mstari uliosimama, umegawanywa rangi nyingi kama kitenge. Watu wa boma moja wanafanana kidogo, alisema, kama ndugu. Halafu akaweka kidole kwenye miwili.

"Hizi hazifanani kama ndugu, mama. Hizi zinafanana kama mtu na kioo. Moja ni yako. Ingine ni ya Mzee."

Nikasema, "Labda huko maabara mlichanganya."

"Inawezekana," akasema, na akaandika kwenye daftari. "Nitawaambia waangalie. Pole kwa usumbufu."

Aliniomba msamaha. Mimi. Alikunywa chai yangu, akasifu mandazi, akaenda kuwasumbua watu wasio na kosa huko walikokuwa. Sikujua uongo unaweza kukua hivyo, kwamba wa kwanza ulikuwa alama moja kwenye fomu na sasa kulikuwa na watu wenye makoti meupe wanatafuta kosa lao kwa ajili yangu.

Alhamisi kikundi chetu cha akina mama kilikutana kuombea wagonjwa. Mwenyekiti akasema, "Tumkumbuke mzee wa Nyar Suna. Mama, tuongoze." Walifunga macho. Nilifungua mdomo. Mimi huomba bila kutafuta maneno, watu wanajua. Siku hiyo hakukuja hata moja. Nilikuwa naenda kumwambia Mungu aondoe nini? Kitu nilichokificha mwenyewe? Walidhani ni uchungu, mmoja akanishika bega na kuanza wimbo. Nilitoka kabla ya amina, nikaenda kwa miguu mpaka zahanati ambapo daktari alikuwa anafanyia kazi, na nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Na ile swali ya damu, ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Lakini iko na jibu."

"Nilijibu mimi."

Alifunga kalamu. "Tutachukua chupa ingine. Lakini lazima akubali, na hawezi kukubali kabla ajue ya kwanza ilienda wapi. Hiyo siwezi kukusaidia, mama. Ni yako." Nilipogeuka akaongeza, "Na hizo glavu uniachie kwa sasa." Nilitoa boksi kwenye mkoba nikaiweka mezani.

Mzee alikuwa mahali pake, na nyavu. Nilipiga magoti pale fagio langu linapoishia, mkono kwenye jiwe, macho chini.

"Baba, nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Ile chupa."

Niliskia uzi ukivutwa.

"Ile chupa ya Baba niliitupa. Nikaweka... nikaweka ya kwangu. Ile karatasi niliyosoma haikuwa ya Baba."

"Najua," akasema.

Niliinua macho bila kutaka. Alikuwa ananiangalia uso kwa uso, kitu ambacho hatukuwa tumefanya kwa miaka.

"Nyar Suna, mimi nilikuwa naona damu. Kutoka zamani, hata kabla wale watu wakuje. Ningeambia nani? Kijana yangu yuko Isebania, na ni kijana yangu. Mama yenu amelala. Hiyo chupa ilipokuja nikasema, sasa Mungu amefungua njia. Wacha waone wenyewe, mdomo wangu usiseme. Nilihakikisha ile damu imeingia. Nikafunga na fundo yenye hata samaki mkubwa kama mbuta hawezi kufungua." Alipumzika, pumzi ilikuwa fupi. "Halafu ukasimama hapo ukasoma ati sina kitu. Nikajua hawa hawakuona yangu. Nikasema, huyu mtoto ameshindwa kunibeba."

"Kwa nini Baba hakusema?"

"Ningesema aje? Nikae na wazee, niseme mke wa kijana wangu ametupa mavi yangu?" Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, akashika tumbo. "Hiyo ni kesi ya chifu gani?"

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu miezi. Kwa ile asante yake, ero kamano, alikuwa ananifunika. Alikuwa amekaa na maumivu yake kwenye kigoda ili mimi nisiaibike mbele ya watu, na mimi nilikuwa napita na ndoo.

Aliacha nilie mpaka nimalize. Halafu akauliza hao watu walipata nini kwa zile zingine, na nikamweleza, macho chini tena, habari ya vijiji na rangi, na kwamba watu wa boma moja hupeana vijidudu kupitia maji na mikono na udongo, hata wasipotaka.

"Kwa hivyo hao wadudu wanatembeleana tu bila kupiga hodi," akasema. "Na sisi miaka hii yote tunazunguka na njia."

Jioni hiyo daktari alikuja, Mzee akakubali upya na kuachiwa chupa. Asubuhi iliyofuata alikohoa mara mbili. Sikugeuka. Alikuja polepole na fimbo mpaka kwenye jiwe, lakini hakuweka mfuko juu yake. Alinyoosha mkono. Nilipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mtu mkubwa. Ulikuwa na joto lile lile. Niliushika kwenye kifua nikavuka uwanja wote mchana mweupe mpaka barabarani, pikipiki ilikokuwa, na mke wa shemeji, ambaye alikuwa anafagia, ndiye aligeuza uso.

Kilikuwa kichocho, kile cha tumbo kinachotoka ziwani, na mayai yalikuwa mengi. Kwenye zahanati walimsimamisha kando ya mti uliochorwa alama, wakampima urefu, wakahesabu tembe kulingana na alama iliyofika kichwa chake. Alikula ugali kwanza, akameza moja baada ya nyingine, akasema ni chungu kuliko ndoa. Baada ya muda mume wangu aliniambia damu imeisha. Alinitajia neno hilo yeye, kwa niaba ya baba yake. Tumbo lakini halikurudi. Hospitali kubwa walisema ini limekuwa gumu, na sehemu iliyokuwa ngumu hairudi. "Kama angekuja mapema kidogo," akasema yule wa hospitali, na hakumaliza kwa sababu aliona uso wangu. Namalizia mimi, kila siku.

Yuko bado. Anashona nyavu kwa mapumziko marefu. Uji anarudisha robo bakuli, si nusu. Glavu nilirudishiwa baada ya muda, lakini fomu zangu daktari husoma mara mbili na sijawahi kumlaumu. Kwa akina mama nilisimama nikasema nilichofanya, na wengine hawakunitazama sawa tena, hiyo pia ni haki yao.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka mke wa shemeji aliponiambia tukimenya mihogo. Hakuwa ananicheka.

"Lakini wewe, uliogopa mila. Sasa si ulimtupa Mzee kwa choo yetu?"

Nilikuwa sijawahi kufikiria. Miaka yote yeye juu na sisi chini, na ili nisivunje hiyo, nilimchukua kwa mkono wangu nikamtupa kwenye choo cha wanawake. Sasa hivi nikiingia pale kwenye migomba, nikifunga mlango, nakumbuka kwamba yuko huko chini, kwenye mfuko wa kaki, na lile fundo lake.